Kuhama chuo kwa wachezaji wa kikapu Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Machi ikifika mwisho, simu yangu haitulii. Mzazi yuko Mbagala, kijana yuko Kansas, mjomba yuko Nairobi, na wote wanauliza mambo yale yale: mtoto kasema anahama, tufanyeje? Nimeyakusanya maswali hapa ili nisirudie jibu moja mara kumi kwa siku. Mengi yanahusu Divisheni ya Kwanza ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo. Madaraja mengine nimeyagusa mwishoni.

## Mambo ya mwanzo

Potali ya uhamisho ni kitu gani hasa?

Ni daftari la kompyuta la NCAA. Mchezaji anayetaka kuhama anaiarifu kwa maandishi ofisi ya kanuni ya idara ya michezo chuoni kwake, anapitia somo fupi la mtandaoni kuhusu uhamisho, kisha chuo kina siku 2 za kazi kuliingiza jina lake. Jina likishaingia, makocha wa vyuo vingine wanaruhusiwa kumpigia.

Daftari hilo lilifunguliwa tarehe 15 Oktoba 2018. Kabla ya hapo mchezaji aliomba ruhusa kwa kocha wake kwanza, na kocha angeweza kumwekea ngumu: kile chuo usiongee nacho, kile kingine ndiyo kabisa. Siku hizi mchezaji haombi, anaarifu tu.

Wewe na mimi daftari lenyewe hatulioni. Wanaoliona ni makocha na maofisa wa vyuo. Majina unayoyakuta mitandaoni yamepatikana na waandishi wa michezo au yametangazwa na wachezaji wenyewe, kwa hiyo jina kutoonekana mtandaoni hakumaanishi halimo.

Kwa hiyo akishaingia potali, amehama?

Hapana, na hili ndilo kosa linaloumiza watu wengi kuliko yote. Kuingia potali ni kutangaza kwamba uko tayari kuondoka. Hakuna chuo kilicholazimika kukuchukua. Mwaka 2025 wachezaji zaidi ya 2,000 wa kiume wa Divisheni ya Kwanza waliingiza majina, na daraja hilo lina takriban timu 360 tu. Piga hesabu ya nafasi 15 kwa kila timu, ondoa wanaobaki, ondoa wanafunzi wapya kutoka sekondari, utaona kwa nini wengine hufika Julai simu haijalia.

Ni kama usajili wa Simba na Yanga?

Kwa kelele, ndiyo. Kwa taratibu, si sana. Klabu ikimtaka mchezaji mwenye mkataba, inazungumza na klabu yake na kulipa. Huku chuo kipya hakikilipi chuo cha zamani ada ya uhamisho, na mchezaji ndiye anayeanzisha safari. Jambo jipya ni kwamba tangu 2025 vyuo vinaweza kumlipa mchezaji moja kwa moja, na baadhi ya mikataba hiyo ina kipengele cha fidia akiondoka mapema. Tazama sehemu ya pesa.

Tofauti kubwa zaidi iko darasani. Mchezaji wa Yanga haulizwi amefaulu hesabu ngapi kabla ya kuvaa jezi mpya. Huyu anaulizwa.

Zamani si alikuwa anakaa nje mwaka mzima?

Ndiyo. Kwa miaka mingi mchezaji wa kikapu aliyehama kutoka chuo kimoja cha miaka minne hadi kingine alifanya mazoezi na timu mpya mwaka mzima bila kucheza mechi hata moja, isipokuwa apate msamaha maalumu. Aprili 2021 NCAA iliruhusu kila mchezaji ahame mara moja na kucheza papo hapo. Aliyehama mara ya pili bado alikaa nje.

Desemba 2023 mambo yakafika mahakamani. Wanasheria wakuu wa majimbo kadhaa waliishtaki NCAA huko West Virginia, na mchezaji RaeQuan Battle, aliyekuwa ametoka Washington kwenda Montana State na kutoka huko kwenda West Virginia, alikuwa miongoni mwa waliozuiwa kucheza. Jaji John Preston Bailey akaisimamisha kanuni hiyo, na Battle akaingia uwanjani msimu ule ule. Aprili 2024 NCAA yenyewe ikaondoa ukomo.

Basi anaweza kuhama mara ngapi?

Mara anazotaka, mradi masomo yanaruhusu. Lakini saa inaendelea kuhesabu: ana misimu 4 ya kucheza ndani ya miaka 5 tangu alipojiandikisha chuo kwa mara ya kwanza. Kuhama hakuisimamishi.

Dirisha linafunguliwa lini?

Limekuwa likipungua kila baada ya muda mfupi. Lilianza na siku 60, likawa 45, na mwaka 2025 likawa 30: kwa wanaume lilikuwa wazi kuanzia 24 Machi hadi 22 Aprili, wakati March Madness, mashindano ya mtoano ya kumtafuta bingwa wa vyuo, bado yanaendelea. Makocha walilalamika kwamba wanaandaa mechi za robo fainali huku wakijibu simu za wachezaji wa timu nyingine. Kwa 2026 likasogezwa hadi siku inayofuata fainali na kukatwa kuwa siku 15.

Tarehe hizo ni za kuingiza jina, si za kuchagua chuo. Aliyeingia ndani ya muda anaweza kuchagua Mei au Juni. Aliyechelewa siku moja amechelewa.

Kocha wake ameondoka na dirisha limefungwa. Amekwama?

Hapana, kocha mkuu anapoondoka kuna dirisha la ziada kwa wachezaji wa timu hiyo. Muda wake umebadilishwa zaidi ya mara moja, kwa hiyo mwambie mtoto aulize ofisi ya kanuni siku ile ile habari inapotoka, asingoje wiki. Mfano ambao mashabiki wanaukumbuka ni Kentucky, Aprili 2024. John Calipari alikwenda Arkansas, wachezaji wakatawanyika, baadhi wakamfuata, na Mark Pope alipoingia alikuta karibu vyumba vitupu vya kubadilishia nguo. Alijenga sehemu kubwa ya timu yake kutoka potalini.

## Kabla ya kuondoka

Akiingiza jina, ufadhili wake unakuwaje?

Chuo kinaruhusiwa kuusitisha mwishoni mwa muhula anaoumalizia. Hakitamfukuza darasani katikati ya mitihani, lakini ada ya muhula unaofuata si ya uhakika tena. Kwa familia inayoweza kulipa, hiyo ni hatari ya wastani. Kwa familia inayotegemea ufadhili kwa kila kitu, pamoja na chumba na chakula, ni jambo la kukaa kikao. Ningependa kikao hicho kifanyike kabla ya barua kutumwa. Kwa bahati mbaya mimi hupigiwa simu baada yake.

Akibadili mawazo anaweza kurudi?

Anaweza kuliondoa jina lake. Chuo hakilazimiki kumpokea. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, ila kwa huyu ngamani huenda kishalala abiria mwingine. Makocha wengine hurejesha mchezaji kwa furaha, wengine wameshampa mtu nafasi ndani ya saa 48. Inategemea aliondoka vipi. Mchezaji aliyemwambia kocha uso kwa uso ana nafasi ya kurudi kuliko yule ambaye kocha alisoma habari zake kwenye simu.

Kocha wa chuo kingine amemtumia ujumbe na jina bado halijaingia. Ajibu?

Asijibu. Kocha haruhusiwi kumshawishi mchezaji ambaye hayumo potalini, wala kupitia mtu mwingine. Inatokea kila siku, hilo sitaficha: ujumbe hauji kwa kocha, unakuja kwa "rafiki wa programu", yaani rafiki wa timu, au kocha wa zamani wa sekondari. Mzazi akipigiwa na mtu anayesema tu "kuna chuo kikubwa kinamtazama", amuulize jina la chuo na jina la kocha. Mara nyingi mazungumzo huishia hapo.

Kuna mtu anataka dola 300 amwingize mtoto potali.

Usilipe. Kuingia ni bure na hakuna wakala duniani anayeweza kumwingiza. Ni chuo chake cha sasa tu. Nimewahi kutumiwa risiti ya malipo kama hayo kutoka kwa mama mmoja, ina nembo nzuri na muhuri, na mwanawe hakuwa hata ameanza chuo.

Tutajuaje kama chuo kipya kinamtaka kweli?

Mwambie aulize maswali ya kina, si ya juu juu. Wachezaji wangapi wa nafasi yake wanabaki? Wangapi wengine mnaongea nao sasa hivi? Ofa ni ya mwaka mmoja au zaidi? Nani atatathmini krediti zangu (pointi za masomo niliyofaulu), na lini nitapata jibu kwa maandishi? Kocha anayemtaka mchezaji kwa dhati atampa namba ya mshauri wa masomo siku hiyo hiyo. Kocha anayejaza orodha atasema "hilo tutalishughulikia".

Na neno la simu si ofa. Ile barua ya zamani ya kujifunga na chuo, iliyokuwa ikisainiwa kwa mbwembwe na kofia mezani, ilifutwa Oktoba 2024. Siku hizi kinachofunga ni mkataba wa maandishi wa ufadhili. Mpaka uwe umesainiwa na pande zote, mtoto bado hana chuo.

## Darasani

Krediti zote zitahama naye?

Karibu kila mara, hapana. Na sehemu hii ndiyo ningependa isomwe polepole, kwa sababu uhamisho mwingi hufia hapa na si uwanjani.

Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza: chuo kipya kinakubali krediti ngapi. La pili: kati ya hizo zilizokubaliwa, ngapi zinaingia ndani ya shahada anayokwenda kusoma. NCAA inaangalia la pili. Anayeanza mwaka wa 3 awe amekamilisha asilimia 40 ya shahada yake, anayeanza wa 4 asilimia 60, anayeanza wa 5 asilimia 80. Shahada ya kawaida ina krediti 120, kwa hiyo ni 48, 72 na 96.

Nikupe hesabu niliyoifanya na familia moja kwa video, baba ameshika biro, karatasi ya matokeo imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Kijana alikuwa amemaliza miaka 2 na krediti 66. Kila mtu alishangilia: anahitaji 48, ana 66, tatizo liko wapi? Chuo kipya kikakubali 60. Bado shangwe. Halafu mshauri wa masomo akazipanga moja moja kwenye shahada ya biashara aliyotaka. Historia ya muziki ikawa ya hiari. Masomo mawili ya utimamu wa mwili yakawa ya hiari. Takwimu aliyosoma haikuwa takwimu wanayoitaka. Nafasi za masomo ya hiari katika shahada ile zilikuwa zimejaa, kwa hiyo zilizobaki zikaning'inia nje. Zilizoingia ndani zilikuwa 43.

Amepungukiwa 5. Asingecheza. Aliokolewa na muhula wa kiangazi: masomo mawili ya krediti 3 kila moja, akafika 49 wiki mbili kabla ya Agosti kwisha. Laiti angesubiri Agosti ndipo aulize, msimu ungepita akiwa amevaa fulana ya mazoezi.

Tufanye nini ili yasitupate hayo?

Omba nakala ya matokeo kabla ya kuingiza jina, itume kwa kila chuo kinachopiga simu, na udai tathmini ya krediti kwa shahada iliyotajwa kwa jina. Kama kijana anafikiria kubadili fani, hesabu ifanywe kwa fani mpya. Kubadili chuo na fani kwa mpigo mmoja ndiko kunakomeza krediti nyingi zaidi.

Ameshahitimu shahada ya kwanza lakini ana msimu umebaki.

Huyu ndiye mwenye raha. Anajiunga na shahada ya uzamili au stashahada yoyote ya juu inayomkubali, na asilimia za hapo juu hazimhusu.

Yuko chuo cha miaka miwili. Kanuni ni zile zile?

Hapana, ana mlango wake. Wapo wanaopita huko kwa sababu alama za sekondari hazikutosha, na wapo ambao hawakuonwa na makocha wakubwa. Kwa yule ambaye alama za sekondari zilimwangusha, Divisheni ya Kwanza inataka awe amehitimu chuo hicho, amekaa mihula isiyopungua 3, ana krediti 48 zinazohamishika, na wastani wa alama wa 2.5 kati ya 4. Ndani yake ziwemo 6 za Kiingereza, 3 za hisabati na 3 za sayansi asilia. Masomo ya viungo yanahesabiwa krediti 2 tu, hata kama amesoma kumi.

Njia hii isidharauliwe. Tylor Ongwae wa Kenya alianzia Ranger College huko Texas, akahamia Louisiana Monroe, na baadaye ndiye aliyeifungia Kenya kikapu cha sekunde za mwisho dhidi ya Angola mwaka 2021, 74 kwa 73. Dalton Knecht naye alipita chuo cha miaka miwili Colorado, akaenda Northern Colorado, kisha Tennessee, na mwaka 2024 akachaguliwa na timu ya NBA katika raundi ya kwanza.

## Pesa

Ni kweli wanalipwa?

Kweli. Tangu 1 Julai 2021 mchezaji anaweza kulipwa kwa matumizi ya jina na sura yake: tangazo la duka la magari, kusaini mipira, kambi za watoto. Wenyewe huita NIL. Tangu 1 Julai 2025, baada ya Jaji Claudia Wilken kuidhinisha suluhu ya kesi iitwayo House, vyuo vyenyewe vinaweza kugawana mapato na wachezaji. Ukomo wa mwaka wa kwanza ulikuwa takriban dola milioni 20.5 kwa chuo, kwa michezo yote, na sehemu kubwa huliwa na mpira wa miguu wa Kimarekani.

Kwa hiyo ukisikia "vyuo vinalipa mamilioni", kumbuka kwamba chuo kidogo cha konferensi (kundi la vyuo vinavyocheza ligi moja) ndogo kinaweza kisilipe kitu zaidi ya ufadhili. Kijana wa alama 6 kwa mechi asihame kwa sababu kasoma habari za kijana wa alama 22.

Ahitaji wakala?

Kwa mkataba mkubwa, mwanasheria wa kuusoma ni wa lazima. Tafuta mambo matatu: fidia akiondoka mapema, malipo yakoje akiumia, na haki ya sura yake inaisha lini. Wakala ni hiari. Akiwepo, asilimia yake iandikwe, na isiguse fedha ya ufadhili hata senti.

Mwanangu ana viza ya mwanafunzi. Naye atalipwa?

Hapa pana mtego. Viza ya F-1 inambana kufanya kazi: ndani ya chuo si zaidi ya saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea, na nje ya chuo kwa idhini maalumu. Tangazo la duka la magari ni kazi. Kuhusu mgao wa mapato kutoka chuoni, wanasheria hawasemi lugha moja na vyuo havifanani: vingine vinalipa, vingine vinakataa kabisa. Anayehatarisha viza ni mtoto, si kocha, kwa hiyo jibu litoke kwa mwanasheria wa uhamiaji.

Oscar Tshiebwe ndiye aliyetufundisha wengi wetu jambo hili. Ni mtoto wa Lubumbashi, na mwaka 2022 alikuwa mchezaji bora wa vyuo Marekani nzima, lakini ndani ya Marekani hakuweza kuvuna kama wenzake kwa sababu ya viza. Agosti 2022 Kentucky ilikwenda Bahamas kwa mechi za kirafiki. Kule, nje ya ardhi ya Marekani, alipiga picha zake, akasaini mikataba yake, na taarifa za wakati ule zilitaja takriban dola 500,000.

## Viza na karatasi

Akihama chuo anaomba viza upya?

Kwa kawaida hapana. Kinachohama ni rekodi yake katika mfumo wa serikali unaoitwa SEVIS. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo cha zamani inaiachia tarehe waliyokubaliana, chuo kipya kinampa fomu mpya ya I-20, karatasi inayothibitisha kwamba ni mwanafunzi wake, naye anaripoti ndani ya siku 15 tangu masomo kuanza. Viza iliyogongwa kwenye pasipoti inaendelea kutumika ikiwa haijaisha, hata kama imeandikwa jina la chuo cha zamani. Avuke mpaka na I-20 mpya mkononi, si ya zamani.

Kocha hahusiki na hatua hizi na wengi hawazijui. Usimwachie.

Aje nyumbani likizo katikati ya uhamisho?

Kama viza yake bado ni nzima na I-20 mpya ameshaipata, anaweza. Kama viza imeisha, fikiri mara mbili. Tangazo la rais wa Marekani la Juni 2025 liliiweka Burundi kati ya nchi ambazo viza mpya za wanafunzi zimezuiwa, na la Desemba 2025 likaiongeza Tanzania. Viza zilizokwisha kutolewa hazikufutwa na matangazo hayo, ila iliyoisha haigongwi upya kirahisi. Kijana wa Kitanzania aliyeko Iowa na viza iliyokufa yuko salama darasani. Akipanda ndege kuja arusini, arusi itamgharimu msimu.

Mambo haya hugeuka ghafla. Aprili 2025 Marekani ilitangaza kufuta viza za wenye pasipoti za Sudan Kusini siku ile ile Khaman Maluach, kijana aliyekulia Uganda, alipokuwa akicheza nusu fainali na Duke.

## Je, inalipa kuhama?

Wanaohama hufanikiwa?

Wapo waliofanikiwa sana. Tshiebwe hakuwa akipata alichotaka West Virginia. Akahama, akadaka ribaundi 15.1 kwa mechi katika msimu wake wa kwanza Kentucky. Walter Clayton Jr. alitoka Iona, chuo ambacho wengi hawakijui, na Aprili 2025 alikuwa mchezaji bora wa fainali pale Florida ilipoifunga Houston 65 kwa 63. Kwa wanawake, Angel Reese alitoka Maryland kwenda LSU na mwaka uliofuata, 2023, akabeba ubingwa.

Lakini hawa unawajua kwa sababu walifanikiwa. Na wapo waliobaki walipoanzia wakapanda: Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alikaa Connecticut misimu 3, akawa bora kila mwaka mbele ya kocha yule yule, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili katika NBA. Kwa senta anayejifunza mchezo akiwa mkubwa, kama walivyo vijana wengi kutoka kwetu, kocha mvumilivu ana thamani ambayo haionekani kwenye takwimu. Mimi nikiulizwa, nasema hivi: hama ukikosa dakika za kucheza na huoni zitatoka wapi, au kocha akiondoka. Usihame kwa sababu mwenzako kahama.

## Kesi za pembeni

Anaweza kuhama Desemba na kucheza Januari?

Hapana. Hakuna kuchezea vyuo viwili katika mwaka mmoja wa masomo. Tshiebwe aliondoka West Virginia Januari 2021, akafanya mazoezi Kentucky miezi yote, na mechi yake ya kwanza ikawa Novemba.

Anaweza kurudi chuo alichokiacha miaka miwili iliyopita?

Anaweza, kwa njia ile ile ya potali na kwa masharti yale yale ya krediti. Uzuri mmoja ni kwamba krediti zake za awali pale hazina ubishi.

Na Divisheni ya Pili, ya Tatu, au vyuo vya Ivy League?

Divisheni ya Pili inatoa ufadhili wa michezo, ila kwa kawaida mdogo zaidi. Ya Tatu na Ivy League hazitoi ufadhili wa michezo kabisa. Zinatoa msaada kwa kuangalia uwezo wa familia, na Harvard au Yale msaada huo unaweza kufunika kila kitu. Kuna pia NAIA, chama tofauti chenye kanuni zake na vyuo vingi vidogo vinavyopokea wachezaji wa kigeni kwa mikono miwili.

Julai imefika, yumo potalini, hakuna simu. Afanyeje?

Apunguze daraja sasa, asingoje. Awaandikie mwenyewe makocha wa Divisheni ya Pili na NAIA, aambatanishe video ya dakika 3 na nakala ya matokeo, kwa sababu kocha wa Julai anataka kujua kwanza kama karatasi zimenyooka. Aulize pia chuo chake cha sasa kama anaweza kubaki kama mwanafunzi wa kawaida na gharama yake ni kiasi gani.

Kama ana viza ya F-1, kalenda ndiyo inayoamua. Masomo ya chuo kipya lazima yaanze katika muhula wa karibu unaopatikana, na ndani ya miezi 5 tangu alipoacha kusoma kule. Mtihani wake wa mwisho ukiwa 8 Mei, miezi 5 inaisha 8 Oktoba. Muhula wa Agosti umo ndani. Wa Januari haumo, na kocha anayemwambia "tulia, tutakuchukua Januari" huenda hajui kwamba anamwambia arudi nyumbani.